Galileo aliacha au alikana?

Wiki mbili hizi nimekwama kwenye kitenzi kimoja. Natafsiri kitabu cha sayansi cha wanafunzi wa sekondari, na sura ya tatu inatufikisha Roma, tarehe 22 Juni 1633. Galileo, mwanasayansi wa Italia, mzee wa miaka 69, amepiga magoti mbele ya mahakama ya kanisa na anasoma karatasi aliyoandikiwa. Nikaandika upesi upesi: "Galileo akaacha imani yake kwamba dunia huzunguka jua." Nikafunga kompyuta, nikaenda kunywa kahawa.

Baraza letu liko huku Ngamiani, Tanga, na pale yupo mzee mmoja aliyesomesha madrasa miaka mingi. Kila nikifika huniuliza leo nimetafsiri nini. Nikamsomea sentensi yangu. Akashusha kikombe.

"Aliacha, au alikana?"

"Si yale yale, mzee wangu?"

"Yale yale wapi, mwanangu! Mtu huacha kwa moyo. Kukana ni kwa mdomo."

Akanikumbusha aya ya 106 ya Sura An-Nahl, inayomtoa lawamani mtu aliyelazimishwa kutamka ukafiri ilhali moyo wake umetulia katika imani. Kisha kisa cha Ammar bin Yasir, aliyeteswa Makka mpaka akatamka waliyoyataka watesi wake. "Ammar alisema," mzee akamaliza, "wala hakuacha." Akamwita muuza kahawa amwongezee.

Nilirudi nyumbani nimeona haya kidogo, maana kazi yangu ni maneno. Nikafungua Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, Mathayo 26, pale Petro anapoulizwa uani kama alikuwa pamoja na Yesu. Ukiisoma polepole utaona anavyopanda ngazi. Kwanza anakana tu. Mara ya pili, "akakana tena kwa kiapo". Mara ya tatu anaanza "kulaani na kuapa". Hakuna mahali paliposemwa kwamba Petro aliacha, na jogoo alipowika alitoka nje akalia kwa majonzi. Aliyeacha kweli halii hivyo.

Kilichonishtua ni kwamba karatasi ya Galileo nayo ina vitenzi vitatu vilivyofuatana: anakana kwa kiapo, analaani, anachukia. Kumbe watafsiri wa Biblia walikwisha kunitengenezea njia, nami nilikuwa natafuta mbali.

Baada ya hapo nikawa nasikia vitenzi hivi kila mahali. Kuacha hakuhitaji shahidi. Mtu aweza kuacha imani kama anavyoacha mwavuli dukani, akagundua siku nyingine kabisa kwamba hanao. Ndiyo maana Kiswahili kinaruhusu imani yenyewe iwe mtenda: imani ilimtoka, imani imempungua, imani ilimwisha. Mwenye imani kakaa kimya kwenye kiambishi kidogo cha katikati, kitu kinamfanyikia. Jaribu kusema hivyo kwa kukana, huwezi. Kukana kunataka mtu, mdomo, na wa kusikiliza. "Kuachana na" kitu ni jambo jingine tena, lina harufu ya mazoea zaidi kuliko itikadi. Aliyeachana na ramli huenda bado anaiogopa.

Mfano mzuri wa kuacha bila kukana unao wewe mwenyewe, Mtanzania, ukifungua Katiba. Ibara ya 3 bado inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi ya kidemokrasia, ya kijamaa na isiyokuwa na dini. Ya kijamaa! Waulize wazee wa Azimio la Arusha la 1967 kama tungali tunalifuata, wengi watakujibu kwamba liliachwa mwaka 1991 kule Zanzibar, chama kilipolegeza masharti ya uongozi. Lakini hakuna aliyesimama jukwaani akalikana. Kwa maoni yangu Galileo na sisi tumegeuziana kinyume kamili: yeye alikana asiache, sisi tuliacha tusikane.

Bungeni kuna kufuta kauli, ambako ni kwepesi kuliko yote. Spika akikuambia ufute, unafuta, na hakuna anayekuuliza moyoni unaamini nini. Kughairi nako ni kwa nia na safari. Ukisema fulani ameghairi dini, watu wa pwani watacheka.

Halafu yapo maneno ambayo mhusika hajisemei, husemwa na wale aliowaacha. Sijapata kumsikia mtu akisema "mimi nimeritadi". Kuritadi, yaani kutoka katika Uislamu, ni neno la waliobaki msikitini, na hukumu imo ndani yake. Walokole nao wana kurudi nyuma, neno lenye huruma zaidi, kwa sababu njia bado ipo na mtu aweza kugeuka akaja mbele tena. Kukengeuka kunamwona mtu amepinda kutoka kwenye barabara iliyonyooka, na anayesema daima yuko barabarani. Kuasi ndiko kuzito kuliko yote, ingawa magazeti yetu yamekulainisha: kijana akioa, "ameuasi ukapera", na watu wanakwenda kula pilau. Kukufuru watu wengi hukuchanganya na haya, bure tu. Mama akimwambia mwanawe anayeilaani mvua "usikufuru", hamaanishi kwamba mtoto katoka katika dini.

Kwa hiyo mtafsiri akichagua neno hapa, amechagua pia pa kusimama. Ningeandika "Galileo aliritadi" au "alikengeuka", ningekuwa nimekwenda kukaa upande wa mahakimu.

Basi nikasahihisha: "Galileo alikana mbele ya mahakama." Nikaridhika, nikampa binti wa dada yangu, yuko kidato cha pili, asome sura nzima. Akarudi na swali.

"Mjomba, kama alikana mashtaka, mbona walimfungia nyumbani kwake mpaka akafa?"

Nikabaki mdomo wazi. Kila siku redio inatangaza "mshtakiwa alikana shtaka na kesi imeahirishwa", na maana yake ni kwamba hakukubali kosa. Kumbe kwa masikio ya mtoto, Galileo wangu alisimama kidete akawakatalia mahakimu! Neno sahihi la mzee wa barazani, likiwekwa karibu na neno mahakama, lilikuwa limegeuka kichwa chini miguu juu. Tatizo halikuwa kitenzi tena, lilikuwa yambwa, yaani kile kinachotendwa: amekana nini?

Sentensi iliyokwenda kwa mhariri ni hii: "Akiwa amepiga magoti, Galileo alilikana kwa kiapo fundisho lake mwenyewe kwamba dunia huzunguka jua." Ndefu kuliko nilivyotaka, na ile "mwenyewe" mhariri anaweza akaikata. Nimemwandikia pembeni asiiguse.

Binti akaisoma mara mbili. "Sasa nimeelewa," akasema. "Kumbe waliomwandikia karatasi ndio walioogopa." Hilo halimo kitabuni, sikumsahihisha.