Ikulu ya Isike: dhahabu ya Mjerumani mnayoichimba haipo

Juzi kijiweni hapa Tabora jamaa wa bodaboda kanishikia bango, eti kwenye ikulu ya zamani ya Isike, mtemi wa Wanyamwezi wa hapa Unyanyembe, kuna sanduku la dhahabu ya Mjerumani na watu wanaingia usiku na sururu. Nikamwambia kaka, umechanganya mambo. Isike alikufa Januari 1893. Dhahabu mnayoisikia ni zile sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, Mjerumani alizipiga hapahapa Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli, Vita ya Kwanza ya Dunia imembana, na Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauchukua mji. Hapo imepita miaka 23, sasa Isike kafukia lini?

Kingine, watu wanadhani ikulu ya mtemi ilikuwa vibanda vya nyasi tu. Kama ni vibanda, mbona Wajerumani walilishambulia boma lile mara kadhaa 1892 wakashindwa, ndo akaja ofisa wao Tom von Prince mwanzoni mwa 1893? Na wale wanaosema Isike alijiua kwa woga mnanikera, alipoona wameshapenya aliingia ghala la baruti akalilipua na yeye yumo ndani, hakufa palepale, wakamkuta mahututi bado wakamnyonga. Mtu anakata roho unamnyonga wa nini kama humuogopi?

Halafu kuna hili la laana, eti majini ndo yaliyoibomoa ikulu. Jamani, tembe la udongo halihitaji jini. La bibi yangu nimeliona linavyokufa: paa bapa la miti na udongo juu, kila mwaka kabla ya mvua za Novemba lazima mkandike upya. Babu alipofariki wajomba wakahamia Dar, mwaka wa kwanza majani yakaota juu ya paa, wa pili kona moja ikaanza kuvuja, mchwa wakapanda kwenye boriti, ukuta ukalala. Leo kuna kichuguu na minyaa ya uzio imebaki imesimama yenyewe. Ikulu nayo ni hivyohivyo, inataka watu wa kuikandika, na watu wanataka kula. Unyanyembe ilikula hongo ya misafara, yaani ushuru wa kupita, na pembe za ndovu, njia ya Ujiji na ya kwenda ziwa Victoria zote zinapita hapa, Mjerumani akaichukua hiyo kazi, reli ikafika 1912 misafara ikafa kabisa, na 1963 serikali ikafuta utemi. Nani angebeba udongo tena?

Msichanganye pia na tembe la Kwihara hapa jirani, lile sio ikulu na wala Livingstone, yule mpelelezi, hakulijenga, ilikuwa nyumba ya Waarabu, yeye alikaa 1872 akisubiri wapagazi akaondoka Agosti. Hata lenyewe lilianguka, mnaloliona lilijengwa upya 1957.

Jamaa akauliza basi hili jina la Ikulu ya rais limetoka wapi. Nikamwambia hukuhuku kwetu, Wanyamwezi na Wasukuma ndivyo walivyoita makao ya mtemi. Akacheka, akapiga kiki pikipiki, akasema sawa bro ila sururu yake atabaki nayo.