Kuunganishwa kwa vyombo vya kunasa mawasiliano ya kijeshi

Mto Ruvuma, ambao wakazi wa Mtwara wanaufahamu zaidi kama mpaka, ulipitiwa na vita vya redio pia. Novemba 1917, siku chache kabla Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, hajauvuka kuingia Msumbiji, chombo cha angani cha Kijerumani kilichojazwa gesi, L59, kiliondoka Bulgaria na shehena ya tani zipatazo 15 kwa ajili ya askari wake, kikafika anga ya Sudan, na huko kikapokea kwa redio amri ya kurudi.

Amri ipitayo hewani humfikia pia asiyekusudiwa. Uingereza wakati huo ilikuwa na ofisi mbili za kufumbua ujumbe wa siri, moja ya jeshi la majini na nyingine ya jeshi la nchi kavu, na ziliunganishwa mwaka 1919, vita vikiwa vimekwisha.

Marekani ilichelewa zaidi, nayo ndiyo yenye mengi ya kutufundisha. Mwaka 1940 majeshi yake mawili, kwa kuwa hakuna lililokuwa tayari kumwachia mwenzake kazi, yaligawana ujumbe wa kidiplomasia wa Japani kwa tarehe: wa tarehe shufwa ulifumbuliwa na jeshi la nchi kavu, wa tarehe witiri na jeshi la majini. Kwa maoni yangu, mpango huo ulilinda heshima ya majeshi kuliko ulivyolinda nchi, kwani mazungumzo ya siku mbili mfululizo yaliangukia mikononi mwa ofisi mbili.

Mwaka 1949 kiliundwa chombo cha pamoja cha majeshi hayo cha kunasa na kufumbua mawasiliano, AFSA. Hata hivyo kila jeshi lilibaki na idara yake na vituo vyake vya kunasia mawimbi, wala mkurugenzi wa AFSA hakuwa na uwezo wa kutosha wa kuviamrisha. Vita vya Korea vilivyozuka Juni 1950 viliuanika udhaifu huo, na baada ya uchunguzi wa kamati ya wakili George Brownell, Rais Truman alitia saini, tarehe 24 Oktoba 1952, waraka uliozaa NSA, shirika la taifa zima la kazi hiyohiyo. Tuzingatie hapa kwamba mkuu wa kwanza wa NSA, Ralph Canine, ndiye aliyekuwa akiiongoza AFSA. Mtu alikuwa yuleyule, ila sasa alikabidhiwa mamlaka ya kuamua nani anase nini na wapi. Idara za majeshi hazikufutwa, na mwaka 1972 ikabidi kiundwe chombo kingine, chini ya mkurugenzi wa NSA wa wakati huo, cha kuziratibu.