Uainishaji: namna tunavyoupanga ulimwengu katika makundi

Uainishaji ni kazi ya akili ya kuviweka vitu katika makundi kwa kufuata sifa zinazofanana. Sifa zipi zitazamwe na zipi ziachwe huamuliwa na anayepanga, kulingana na haja aliyo nayo, na hapo ndipo ulipo uzito wa dhana hii.

Katika soko la Mbuyuni, Moshi, muuza ndizi huweka mshare upande wake, kwa kuwa hupikwa ikiwa mbichi, iwe kwa mtori, yaani supu nzito ya ndizi, au kwa nyama, na kisukari upande wake, kwa kuwa huliwa ikiwa mbivu. Mpika mbege, pombe ya asili ya ndizi, hana haja na mpango huo. Yeye hutafuta ndizi zilizoiva barabara, za kuchemshwa na kisha kuchanganywa na kimea cha ulezi. Hakuna kati yao aliyekosea.

Hata wataalamu hawakusalimika na mambo ya jikoni. Carl Linnaeus wa Sweden, ambaye utaratibu wake wa kutaja viumbe kwa majina mawili ungali unatumika, mwaka 1753 aliipa ndizi ya kupika jina la Musa paradisiaca, na mwaka 1759 akaipa ile ya kuliwa mbivu jina la Musa sapientum, kana kwamba ni spishi mbili. Baadaye ilibainika kwamba ndizi nyingi zinazolimwa zimetokana na migomba miwili ya mwituni, Musa acuminata na Musa balbisiana, na mwaka 1955 Simmonds na Shepherd wakapendekeza zipangwe kwa kutazama asili hizo. Kwa mpango huo mshare ni uzao wa acuminata peke yake, ilhali kisukari ina asili zote mbili. Jiko halikuulizwa tena.

Mipaka ya makundi nayo mara nyingi si mikali. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Eleanor Rosch, alionyesha kwamba watu huviona baadhi ya vitu kuwa mfano bora wa kundi lake kuliko vingine, hata pale vyote vinapokubalika kuwamo. Ukimwomba mtu wa Moshi ataje matunda, embe na chungwa huja upesi. Parachichi, ambalo kwa mtaalamu wa mimea ni tunda bila ubishi, huenda likachelewa, kwa kuwa nyumbani amezoea kuliona limekatwa pembeni ya wali na maharage.