Damu ya Kijiti, Sala na Saumu: Tunayoyaruka Kliniki

Shaabani ikielekea ukingoni, kliniki ya mama na mtoto hupata wageni wa aina yake. Hawana mimba, wala hawakuja kupima mtoto uzito. Mama anaingia, anakunja mkono wa buibui mpaka juu ya kiwiko, ananionesha palipoingizwa kijiti cha kuzuia mimba na kusema: "Nitoe hiki, Ramadhani inaingia."

Mmoja wao, hapa Pemba, kijiti chake kilikuwa na miezi minne na mtoto miezi saba. Nikamuuliza kama kinamuuma. Hakimuumi. Mume hataki? Mume ndiye aliyemleta kwa Vespa, yuko nje chini ya mwembe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Dokta, naona damu. Leo tone, kesho hamna, keshokutwa tone. Nakoga, nasali, nikitazama tena, ipo. Sijui nimo mwezini au simo. Nitafunga vipi?"

Siku aliyowekewa aliambiwa kwamba anaweza kupata mabadiliko ya hedhi. Ndiyo hayo tu. Kwa mwanamke anayesali mara tano kwa siku, na asiyesali wala kufunga akiwa hedhini, maneno hayo hayatoshi hata kidogo, na lawama hiyo naibeba mimi na wenzangu, si yeye.

Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015–16 ulionesha kuwa Zanzibar asilimia 14 tu ya wanawake walioolewa walikuwa wakitumia njia ya kisasa ya uzazi wa mpango, na Tanzania Bara takriban asilimia 32. Ukisoma tarakimu hizi haraka utasema wanawake wetu hawajui, au dini imewazuia. Lakini mwulize mama yeyote wa Konde au Makunduchi, atakutajia sindano, vidonge, kijiti na kitanzi bila kusita. Majina wanayajua. Wasichoelezwa ni kile ambacho njia hizo zitafanya kwenye damu yao, na damu kwetu inagusa sala, saumu na kitanda cha ndoa kwa pamoja.

Basi tuanze na hapo. Kijiti na sindano vina homoni ya aina moja, isiyo na estrojeni. Homoni hiyo huufanya utando wa ndani ya mfuko wa uzazi uwe mwembamba, na vijishipa vyake vidogo hupasuka kwa urahisi. Ndiyo maana damu inatoka matone matone bila mpango, hasa miezi ya mwanzo. Si kidonda na si uchafu uliokwama. Kwa wengi hupungua kadiri miezi inavyokwenda, na kwa sindano, karibu nusu ya wanawake hawaoni hedhi kabisa baada ya mwaka mmoja. Hapo ndipo wengine huogopa upande wa pili, kwamba damu inajaa tumboni. Hakuna kinachojaa. Utando haukujengeka, kwa hiyo hakuna cha kutoka.

Kitanzi cha shaba hakina homoni. Kinaweza kukaa hadi miaka 12, lakini miezi mitatu hadi sita ya mwanzo hedhi huwa nzito na ndefu zaidi. Aliyezoea siku tano anaweza kufika nane. Ni vizuri alijue hilo kabla ya kupanda kitandani kuwekewa, si baada.

Sasa, tone hilo ni hedhi au ni istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi? Mimi ni mkunga, si mufti, na jibu la kila mwanamke linategemea hali yake. Lakini msingi wake wengi wetu tuliusoma chuo cha Qur'ani: kwa madhehebu ya Shafi, hedhi haipungui usiku na mchana mmoja, haizidi siku 15, na twahara, yaani siku safi baina ya hedhi mbili, haipungui siku 15. Damu iliyovuka mpaka huo ni istihadha, na mwenye istihadha husali, hufunga na hukaa na mumewe. Hujisafisha, hujifunga vizuri na kutia udhu kila wakati wa sala ya faradhi unapoingia. Suala hili si geni. Fatima binti Abi Hubaysh alimwuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu damu isiyokatika, akajibiwa kuwa huo ni mshipa, si hedhi. Karne 14 baadaye, hospitali inasema neno hilo hilo: mshipa.

Ninachowaomba akina mama ni kalenda. Ile ya ukutani yenye picha ya msikiti inatosha. Siku ya damu nyingi weka alama ya msalaba, siku ya tone weka nukta, siku safi acha wazi. Ipeleke kwa mwalimu wako wa chuoni, ikiwezekana mwalimu wa kike, naye atajua akujibu nini, kwa sababu ataona ada yako, yaani mazoea ya hedhi yako, ilivyo. Na kalenda hiyo hiyo utuletee kliniki. Damu ya kijiti ikizidi kuchosha, zipo dawa za siku chache za kuituliza. Ukiona damu mara mbili ya kawaida yako kwa wingi au kwa siku, au maumivu makali upande mmoja wa tumbo na kizunguzungu, usingoje kalenda ijae. Njoo siku hiyo hiyo.

Kuhusu uhalali, nitakuwa mfupi. Jabir (R.A.) amepokewa akisema kuwa masahaba walikuwa wakifanya azl, yaani kumwaga nje, huku Qur'ani ikiteremka, na Imamu Ghazali aliijadili azl na kuiona inajuzu. Wanazuoni wengi wa leo wamepima njia za muda kwa kipimo hicho, mume na mke wakiridhiana. Kufunga kizazi moja kwa moja bila dharura ya afya ni jambo jengine, na wengi wao hawalikubali. Sura ya Al-Baqara aya ya 233 imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mama asubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyengine. Bibi zetu walikuwa na jina lao la jambo hilo, kuogopa kumbemenda mtoto. Sababu waliyoitoa haikuwa sahihi, kwani tendo la ndoa haliharibu maziwa. Lakini mtoto aliyeachishwa mapema kwa sababu mama amebeba mwengine walikuwa wakimwona, na alikuwa akidhoofu kweli.

Ramadhani ina hesabu zake. Sindano ya miezi mitatu inaweza kuchomwa hadi wiki mbili kabla ya tarehe, kwa hiyo ambaye moyo wake hautulii kuchomwa akiwa amefunga aje Shaabani. Vidonge vya mama anayenyonyesha mtoto mchanga havitaki kuchelewa zaidi ya saa tatu. Aliyezoea saa mbili asubuhi akahamia futari amechelewa takriban saa kumi, na mimba nyingi za Shawwal huanzia hapo. Ahamie daku, awahi badala ya kuchelewa, na Idi ikipita arudi saa yake kidogo kidogo, saa moja kila siku.

Yule mama wa kijiti nilimweleza yote haya. Alisikiliza, akashukuru, kisha akasema bado anataka kitolewe. Ni haki yake, na nikakitoa. Kilichukua dakika chache. Mtoto ameshapita miezi sita, presha yake nilipima ikawa nzuri, havuti sigara, kwa hiyo nikampa vidonge vyenye homoni mbili, ambavyo huipanga hedhi ikaja kwa tarehe. Nikamwambia mwezi wa kwanza bado anaweza kuona tone. Mumewe, aliyekuwa ameitwa ndani wakati huo, akauliza nani atamkumbusha kumeza kila siku, maana mkewe ni msahaulifu.

"Wapiga ngoma ya daku," mkewe akamjibu. Na baada ya Ramadhani? Akafikiri kidogo. "Nitaviweka pale penye msala, nimeze nikishasali Alfajiri."