Kinachonuka kwenye hiyo taka ni chakula

Wiki hizi simu za ofisini ni zile zile. Gari la taka halijapita siku tatu, mtaa mzima unanuka, nzi wamejaa, kunguru wamepasua mifuko wakatapanya kila kitu barabarani, nyinyi watu wa afya mko wapi? Tuko. Na niseme wazi kabla sijaendelea, gari kuchelewa si sawa na sikuja hapa kulitetea, hilo lina idara yake na wanalijua. Lakini hebu fungua huo mfuko unaoulalamikia uangalie ndani. Chupa hainuki. Katoni hainuki. Gazeti hata likae mwezi halinuki. Kinachonuka ni wali wa juzi, matumbo ya samaki, maganda, na zile nyanya ambazo hazijaguswa tangu zitoke soko la Kongowea hapa Mombasa, yaani zimenunuliwa, zimebebwa na tuktuk, zimewekwa kwa friji, zimetolewa kwa friji, zimetupwa.

Kwa hivyo gari tuliache kidogo tuongee chakula, manake mfuko usio na chakula hata gari likichelewa wiki majirani hawatapigana.

UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, hawa wenye makao yao makuu pale Gigiri Nairobi, walitoa ripoti 2024 inayosema mwaka 2022 dunia ilitupa chakula tani bilioni 1.05, na katika hizo tani milioni 631 zilitoka majumbani. Si mahotelini wala supamaketi, majumbani, zaidi ya nusu. Ukigawa kwa watu inakuja kama kilo 79 kila mtu kwa mwaka, na kwa Kenya makadirio ya ripoti yao ya 2021 yalikuwa kilo 99. Sawa, hesabu hiyo inaingiza maganda na mifupa pia, kwa hivyo usiseme nimekuita mwizi wa chakula. Lakini kila nikitaja hizi namba kwa baraza lazima mtu mmoja asimame aseme hayo ni mambo ya wazungu, sisi hata cha kutupa hatuna. Jamani. Ripoti hiyo hiyo inasema tofauti kati ya nchi tajiri na nchi za kipato cha kati ni kama kilo 7 tu kwa mtu, na tena nchi za joto zinaonekana kutupa zaidi majumbani kwa sababu tunakula vitu vibichi vyenye maganda mengi na mambo ya ubaridi hayako imara. Sasa Mombasa na joto hili tusijitoe.

Mambo ya kuandika listi kabla ya kwenda sokoni sitayagusa, hayo mnayajua kuliko mimi. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba chakula kingi tunachokiona kwenye mifuko ni chakula kilichopikwa, na kimepikwa kwa nia nzuri kabisa. Mama anapika wali kilo nzima watu ni wanne kwa sababu mgeni anaweza kuingia, na mgeni kweli siku nyingine huingia, siku nyingine haji na wali wa nazi unabaki. Na chakula cha nazi hakina subira na joto la huku, tui linachacha haraka, mbaazi za nazi zilizopikwa mchana usiku zishaanza kutoa povu ukizifunika jikoni. Mafundi wa kupika wa huku wana njia yao na naiunga mkono mia kwa mia: mbaazi zichemshwe nyingi bila tui, zipozwe, zigawanywe kwa vibakuli ziwekwe kwa friza, na tui utie siku ile unayokula, kibakuli kimoja kimoja. Samaki wa kupaka vile vile, mchome samaki unayemhitaji, wengine wabaki na chumvi na ndimu kwa friza. Hii peke yake ingepunguza robo ya simu zangu, na si utafiti huo, ni mimi nasema.

Ramadhani ndio tunajionea wenyewe. Futari mezani kuna viazi vya nazi, muhogo, mbaazi, tambi, sambusa, bhajia, kaimati, mahamri, uji, na aliyefunga akishakunywa maji na tende tatu tumbo limejaa. Halafu desturi yetu nzuri ya kupelekeana, naipenda na isife, lakini nyumba tano za ploti moja zikipelekeana viazi vya nazi siku moja unajikuta una viazi vya nazi vya siku nne. Si mna grupu ya WhatsApp ya ploti? Mbona inajaa salamu za asubuhi tu, andikeni basi leo mimi napika muhogo, wewe pika kitu kingine.

Sasa nije kwa mwiku, yaani chakula kilicholala, na hapa naomba mnisikize manake ndipo watu wanapoharibu kwa kwenda upande wa pili. Mtu akisikia tusitupe chakula anafikiri tumesema kila kitu kiliwe. Hatujasema hivyo na hatutasema. Wali uliolala jikoni kwenye sufuria usiku kucha tupa. Najua umekula hivyo tangu utoto, najua bibi alikuwa anaupasha na chai asubuhi na hakuna aliyekufa, nimeshaambiwa hayo mara nyingi. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinakaa kwenye mchele na hazifi kwa kupikwa, wali ukikaa kwenye joto zinaamka, zinazaana, zinatoa sumu, na sumu hiyo ukiupasha moto wali mpaka ufuke moshi bado ipo. Ndio mtu anatapika saa chache baada ya kula halafu anasema ni presha.

Njia ni nyepesi. Mwongozo wa WHO ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, kikiwa cha kula baadaye kiwe moto juu ya nyuzi 60 au kiwe kwenye baridi chini ya nyuzi 5. Katikati hapo ndio bakteria wanafurahia na jikoni zetu ziko katikati hapo mchana na usiku. Mkishakula tu, wali uliobaki tandaza kwenye sinia upoe upesi, tia kwenye vyombo vifupi, ingiza kwa friji. Usiingize sufuria nzima imefunikwa, ndani inabaki na joto lake masaa, na hii ya kusema chakula kikiwa na uvuguvugu kitaharibu friji ndio inafanya watu waache sufuria nje mpaka asubuhi, friji yako itavumilia uvuguvugu, tumbo lako halivumilii sumu. Kesho yake pasha mara moja mpaka kichemke, kula, kilichobaki hapo hakirudi tena. Stima ikipotea usifungue fungue mlango kuangalia kama bado kuna baridi, friji iliyofungwa inashika ubaridi kama saa nne hivi, unaifungua kila dakika kumi halafu unalaumu kampuni ya stima.

Kingine ambacho hakiokolewi ni mahindi, unga na karanga zenye kuvu. Hapa sina utani. Mwaka 2004 kule Makueni, Kitui na wilaya jirani watu 317 waliugua kwa sumukuvu ya mahindi na 125 wakafariki. Sumukuvu haitoki kwa kuosha, haitoki kwa kuanika, haitoki kwa kupika ugali ukaiva sana. Na usiniambie basi nitawapa kuku, kuku anakula, ng'ombe anakula, sumu inarudi kwako kwa yai na maziwa. Nunua kidogo kidogo, weka pakavu, gunia lisiguse sakafu wala ukuta, unyevu wa huku mnaujua.

Kinyume chake kuna vitu vinatupwa bure kabisa kwa sababu ya tarehe. Pakiti ikiandikwa 'best before' maana yake mtengenezaji anakuhakikishia ubora mpaka siku hiyo, ikipita tambi au biskuti zinaweza kupungua ladha lakini hazijawa sumu usiku wa manane, angalia, nusa, kama kifurushi ni kizima na hakina wadudu tumia. Ikiandikwa 'use by' au 'expiry', hasa nyama, maziwa na vya friji, hiyo ni ya usalama na haina mjadala. Na tafadhali maziwa ya pakiti yakiharibika usiyaite mala. Mala inatengenezwa na bakteria maalum waliotiwa kwa mpango, yako yameharibika tu.

Haya, sheria. Watu wengi wanafikiri sheria ya taka ni ya mahoteli na viwanda. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imekuja na kitu cha msingi sana ambacho ni kutenganisha taka pale pale zinapotoka, zinazooza upande wake na zisizooza upande wake, kila moja kwenye chombo chenye lebo na rangi yake, na mzoaji naye anatakiwa azichukue zikiwa zimetenganishwa hivyo hivyo na asizichanganye kwenye gari. Halafu Aprili 2025 NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, ikatoa notisi ya siku 90 kwamba taka zinazooza zisitiwe tena kwenye mifuko ya plastiki ya kawaida, mifuko iwe ile inayooza yenyewe asilimia 100. Siku hizo 90 zilishaisha, kwa hivyo anayeniambia bado tunazoea simuelewi. Na ile karatasi ya plastiki ya kubebea, iliyopigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, bado naiona imefungiwa maganda ya ndizi. Adhabu yake chini ya sheria ya mazingira, EMCA, ni faini kati ya milioni mbili na milioni nne, au kifungo cha mwaka mmoja mpaka miaka minne, au vyote viwili. Maganda ya ndizi hayo.

Upande wetu wa afya tunatumia Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, na nieleze utaratibu manake watu wanadhani afisa akija anakuja kukamata. Kifungu 118 kinataja nini ni kero kwa afya, na lundo la taka linalonuka au kuhatarisha afya limo. Afisa akiridhika kuna kero, kwa kifungu 119 anatoa notisi kwa aliyesababisha, na asipopatikana inaenda kwa anayekaa hapo au mwenye nyumba, ndio unaona landilodi naye anapata barua. Notisi inataja kero yenyewe, kitu gani kifanywe na muda wa kukifanya. Muda ukipita na hakuna kilichofanyika tunaingia kifungu 120, shauri linapelekwa kwa hakimu, unapata samansi, na mahakama inaweza kuamuru uondoe, ikutoze faini na gharama juu. Kwa hivyo ukipata notisi si kesi bado, ni nafasi yako. Usiipasue, usimrushie maneno aliyeileta, na usiende kumtafuta mtu wa kuongea naye ofisini, fagia tu hilo lundo kabla ya tarehe iliyoandikwa.

Maganda na mabaki ambayo hayaepukiki yana pa kwenda. Machicha ya nazi yanalika na kuku. Maganda ya mboga na matunda yanageuka mbolea kwenye ndoo mbili zenye matundu, tabaka la maganda, tabaka la majani makavu au vumbi la mbao, moja ikijaa unaanza ya pili, nyama, samaki na chakula chenye mafuta usitie humo labda unataka panya. Mnaoishi fleti ongeeni na keateka mtenge pipa moja la vya kuoza lenye kifuniko kinachofunga, kunguru wa Mombasa si wa kufikiria watashindwa na mfuko uliofungwa fundo.

Na mbuzi. Najua mtaa wako una mbuzi na watu wanasema wacha tu, mbuzi watakula. Mbuzi hafungui mfuko akachambua, anakula na mfuko wenyewe, muulize mchinjaji yeyote anachokikuta tumboni. Kama unataka kumlisha mbuzi wa jirani mpelekee maganda kwa beseni, kwa ruhusa ya mwenyewe, siku hiyo hiyo yakiwa mabichi.

Mwisho, kuna wale wanaotenganisha vizuri halafu mzoaji anakuja anachanganya zote kwenye gari moja mbele ya macho yao. Hilo lipo, tunalijua na linavunja moyo, na ndilo lalamiko ambalo tunalitaka. Lakini lilete likiwa kamili: tarehe, saa, mtaa na ploti, namba ya gari, na jina la kampuni lililoandikwa ubavuni kama lipo, picha ikionyesha gari na namba yake. Leta ofisi ya afya ya wadi yako, ligongwe muhuri, ubaki na nakala, ukirudi kufuatilia uje nayo hiyo nakala. Picha ya pipa limefurika peke yake na maneno "angalieni kazi yenu" haitusaidii, mapipa yote yanafanana na mimi sijui hilo ni la Likoni au la Kisauni.