Kuandika machungu sio panadol jamani

Kuna watu wanasemaga eti ukimwaga machungu kwenye daftari unajisikia poa hapohapo, aisee sio hivyo. 1986 huko Marekani watafiti wa saikolojia James Pennebaker na Sandra Beall waliwaandikisha wanafunzi wa chuo dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, na wale walioandika tukio lililowaumiza pamoja na hisia zao wakimaliza wanakuwa na huzuni zaidi, presha nayo iko juu kuliko ya walioandika mambo ya kawaida tu! Nafuu ilikuja baadae, miezi sita iliyofuata walienda zahanati ya chuo mara chache kuliko hao wenzao. Kwahiyo machozi yakidondokea daftari usilichane. Na sarufi achana nayo, nani anasahihisha?