Riwaya ya Kihistoria na Shairi la Kutisha: Kazi Mbili za Mwandishi wa Pangani

Ninaandika kazi za aina mbili ambazo wasomaji wengi hudhani hazina undugu: riwaya za kihistoria kuhusu Mrima, yaani pwani yetu hii inayoelekea Zanzibar, wa karne ya 19, na mashairi ya kutisha. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nisishike moja nikaiacha nyingine. Siwezi, kwa sababu kila riwaya niliyoiandika imefika mahali ikakosa ushahidi, na kila shairi la kutisha nililolitunga limeanzia mahali hapo hapo.

Pangani ni mji uliokaa kwenye mlango wa mto, na ng'ambo yake ni Bweni. Mwezi Agosti 1888, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kushika utawala wa miji ya pwani kwa mkataba iliowekeana na Sultani Khalifa wa Zanzibar. Mwakilishi wake hapa Pangani, Emil von Zelewski, ambaye miaka mitatu baadaye aliuawa na Wahehe huko Lugalo, alitaka bendera ya kampuni ipandishwe kwa lazima, na mji ukakataa. Vita vilivyofuata viliongozwa na Abushiri bin Salim, hata Hermann von Wissmann akaletwa na askari wa kukodiwa kutoka Sudani na Msumbiji, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri akanyongwa hapa hapa Pangani. Hayo yako katika vitabu. Yasiyokuwamo ni aliyokuwa akiyaona mtu aliyesimama kivukoni asubuhi ya siku ile, na kwa mwandishi wa riwaya hapo ndipo pagumu.

Nitoe mfano mmoja wa ugumu huo. Katika rasimu yangu ya kwanza nilimpitisha mhusika wangu, kijana wa mwaka 1888, katikati ya mashamba ya mkonge. Nimekua nikiuona mkonge kila upande, kwa hiyo sikudhani kwamba kuna jambo la kuuliza. Lakini mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai, nayo ikapandwa Kikogwe, mwendo mfupi kutoka hapa nilipoketi. Ikanibidi niing'oe mimea yote hiyo katika kurasa 40, na nilipokwisha kuing'oa nikajikuta sijui kilichokuwepo kabla yake. Nilichokuta katika maandishi ya wakati ule ni miwa: mashamba ya miwa kandokando ya mto, na minazi, na watumwa waliokata miwa hiyo na kuichemsha. Nilikwenda kurekebisha mmea, nikarudi na watu ambao hawakuwamo kabisa katika hadithi yangu.

Fedha nazo zilinikosesha, maana nilimlipa nahodha kwa shilingi, ilhali shilingi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1921. Nahodha wa mwaka 1888 alihesabu kwa reale, rupia na pesa. Kwa upande wa lugha nimepata msaada mkubwa zaidi kwa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mwanazuoni wa huku kwetu aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, vita alivyoviishi mwenyewe. Neno hilo, Wadachi, linatosha kubadili hewa ya ukurasa. Mhusika wangu akisema “Wajerumani”, msomaji yuko darasani. Akisema “Wadachi”, yuko barazani, na habari zenyewe zimefika jana.

Sasa wale wakata miwa. Nimetafuta majina yao, na kwa sehemu kubwa sikuyapata. Mashekhe wanatajwa, majumbe wanatajwa, maofisa wa Kijerumani wametajwa hadi vyeo vyao. Mtu aliyekufa kando ya sufuria la sukari hatajwi. Riwaya ya kihistoria, kwa jinsi ninavyoielewa, ni amana: ninaweza kubuni mtu, lakini nikimbunia mtu huyo maisha marefu yenye majibu yote, nitakuwa nimemdanganya msomaji kwamba tunajua tusichokijua. Hapo huweka kalamu ya nathari chini. Shairi la kutisha halidai kwamba jambo fulani lilitokea. Linasema tu kwamba kuna kitu hakijatulia.

Hofu zetu wenyewe hufanya kazi namna hiyo. Chukua neno mumiani. Katika kamusi aliyoisimamia Frederick Johnson, iliyotolewa mwaka 1939, neno hilo limeelezwa kuwa dawa nyeusi mfano wa gundi, na kwamba wenyeji wanaamini kwa dhati kuwa ni damu ya watu waliouawa kwa ajili hiyo. Mwenye kusoma historia kwa haraka ataita hayo ushirikina na kupita. Mimi naona ni kumbukumbu. Watu walioona wenzao wakichukuliwa, wakitumikishwa na kuuzwa kwa vizazi kadhaa hawakuhitaji kufundishwa kwamba mwili wa binadamu unaweza kugeuzwa bidhaa. Hadithi ya mnyonya damu inayasema hayo, na kwa usahihi ambao sijaukuta katika jalada lolote.

Wapo wanaosema ushairi wa kutisha ni mtindo wa kigeni. Nawaomba waisome tena Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate. Ni shairi la mawaidha, na silivui heshima hiyo, lakini tazameni jinsi anavyoingia katika nyumba za matajiri waliokwisha kufa. Makinda ya popo yananing'inia juu. Husikii mnong'ono wala ukelele. Madaka ya ukutani yaliyokuwa yakipangwa sahani yamelaliwa na makinda ya ndege, na bundi analia katikati ya nyumba. Hakuna jini hata mmoja katika beti hizo. Kinachotisha ni vyombo tunavyovijua kuwa mahali pake huku wenyewe hawapo, na mizani 10, yaani silabi 10, za kila kipande zinakwenda kwa utulivu ule ule, bila kupaza sauti. Kwangu hilo ndilo somo la kwanza la fani hii: mtunzi asipige kelele.

Somo la pili nililipata katika kibwagizo. Shairi la mizani 16, lenye ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na ya pili ya mshororo, wa mizani nane nane, linapofungwa kwa mshororo unaorudiwa, masikio ya msomaji huuzoea mshororo huo kuanzia ubeti wa tatu na kuacha kuutilia shaka. Mazoea hayo ni mlango ulio wazi. Maneno yabaki vile vile, abadilike anayeyasema. Bibi yangu, kama bibi wengi wa huku, alitukanya tusiitike tukiitwa usiku na mtu tusiyemwona, na katazo hilo nikalifanya kibwagizo. Ubeti wa kwanza ni huu:

Taa ilipojizima, sauti i barazani,
Ikaita kwa huruma, jina langu la zamani,
Nikatambua ni mama, tuliyemzika pwani,
Bibi alinikataza, usiku nisiitike.

Katika beti sita zinazofuata, anayesema anasikiliza, anajizuia, anakumbuka, na kila mara anajikumbusha katazo lile. Sikueleza kama aliitika. Niliandika ubeti mmoja wenye maelezo hayo, nikaufuta, maana hofu ilikatika pale pale ilipopewa sababu. Halafu unakuja ubeti wa mwisho:

Mlangoni nimefika, namwita wangu kijana,
Jina nimelitamka, kwa huruma nyingi sana,
Sauti ikasikika, ya mwanangu ikinena:
Bibi alinikataza, usiku nisiitike.

Nilipoyasoma mashairi haya kwa sauti mbele ya watu, niligundua kwamba mshororo ule wa mwisho unapaswa kusomwa polepole kuliko yote, na kwa sauti ya mtoto asiyeogopa. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi nyuma alinifuata baadaye akaniuliza kama yule aliye nje ni mmoja wa watu wa mashamba ya miwa. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Rasimu ya kwanza ya shairi hili iko nyuma ya karatasi ile ile niliyoorodheshea mashamba ya kando ya mto, na ubeti wa mwisho ndio nilioutunga kwanza.